Vijungu vya Nyongeza

Mlola, Lushoto
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mdogo wangu Kibwana,

Duka langu la Jamvini lilifungwa Jumanne ya tarehe 9 Septemba, saa nne na robo asubuhi, nikiwa na chungu mkono huu na simu mkono ule. Nimeanza na hilo makusudi. Ninyi watu wa mjini barua ikianza na salamu mnairuka mpaka mwisho kutafuta kiasi mnachoombwa. Humu huombwi hela. Sasa umeshajua nilichopoteza na siku niliyokipoteza, basi tusalimiane kama watoto waliolelewa.

Marahaba. Hujaniamkia bado, lakini naipokea mapema, maana shikamoo yako ya mwisho ilikuwa Idi. U mzima? Wifi yangu Tatu hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Sisi huku wazima wa afya. Goti la Mama limetulia tangu baridi ya Julai iondoke, sasa anapanda mwenyewe mpaka kwenye maharage na kurudi akitulaumu kwamba tumepalilia kama watu wanaofukuzwa. Miplamu ya nyuma ya nyumba imechanua yote, hata ule uliotaka kuukata. Vuli bado haijakaa sawa. Jioni inatishia, asubuhi mawingu yameondoka, nasi tunachoma vyungu haraka haraka kabla haijabadili nia.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Nilikuandikia kwamba duka limefungwa: kidole gumba. Nikakuandikia kwamba Mama anauliza utakuja lini: kidole gumba. Barua hii anakuletea Dula, konda wa basi, mkononi, na nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka aone umeifungua.

Utakumbuka kwamba Jamvini, gulio lenu la kwenye simu, niliingia kwa mdomo wako. Ilikuwa Idi, miaka mitatu iliyopita, umekaa jikoni kwa Mama na shati lako la kampuni, ukatueleza kwamba gulio sasa limehamia kwenye simu, mnunuzi yuko Mikocheni au Unguja anagusa kioo tu, chungu kinamfuata. Bi Saumu, mfinyanzi wetu mkongwe, akakuuliza huyo mnunuzi atakigonga vipi chungu kabla ya kulipa. Ukamwambia kampuni itamgongea. Tulicheka sote, na Bi Saumu akasema basi huyo bwana Kampuni awe na kidole kigumu.

Lakini nilikusikiliza. Mimi niliyeishia darasa la saba, niliyeteremka Lushoto kila Alhamisi na vyungu kichwani, nilijifunza kukipiga picha chungu kwenye jua la saa mbili asubuhi, wakati tumbo lake linang'aa bila kuunguza kioo. Nilijifunza kuandika maelezo, kujibu wateja, kufunga vyungu kwa majani makavu ya mgomba ndani ya boksi mpaka ukilirusha halisemi kitu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawachukulia vyungu kina mama kumi. Mwaka huu walifika ishirini na watatu. Lile bati la bluu unalolisifu kwenye picha ni vyungu, mdogo wangu. Hakuna mtu aliyenipa hata msumari.

Sasa nisikilize hesabu, na usiseme dada ana hasira. Hasira ninayo, lakini hesabu haina. Chungu cha kati nakiuza elfu kumi na nane. Mfinyanzi namlipa elfu saba, basi elfu nne, boksi elfu moja. Ulipotuingiza, Jamvini walikuwa wanakata tano kwa mia, yaani mia tisa. Nilikuwa nabaki na elfu tano na mia moja, nikaona dunia imenifungukia. Wakapandisha nane. Wakapandisha kumi na mbili. Mwezi wa tano wakafika kumi na saba, na kila walipopandisha walituma ujumbe unaoanza na Habari Njema kwa Wauzaji Wetu, mpaka Hidaya wa kule juu akasema siku kampuni hiyo ikileta habari mbaya itabidi tuhame nchi.

Juu ya hizo kumi na saba kuna ada ya ghala, elfu moja na mia mbili. Juu ya ghala kuna ada ya kuonekana, elfu moja na mia tano. Kulipa ili uonekane! Chungu kina tumbo na mdomo, ukikiweka chini kinaonekana bure. Toa yote hayo, niambie nabaki na nini. Nitakusaidia: mia mbili na arobaini. Andazi moja, na chenji ambayo hakuna anayeipokea. Kwa chungu ambacho mwanamke amekanda udongo wake, amekifinyanga, amekikausha kwa wiki mbili na kukichoma, nami nikakifunga kama mtoto mchanga.

Hata hivyo sikuondoka. Nilijiambia ni upepo, utapita. Niliendelea kwa sababu vyungu vilikuwa vinatoka, na vikitoka vingi maandazi nayo yanakuwa mengi. Kilichoniangusha ni nyongeza.

Wewe umezaliwa nyumba ya vyungu, sina haja ya kukufundisha, lakini nakukumbusha maana mjini mnasahau. Binti anayejifunza kufinyanga hauzi kazi yake mpaka mkono uzoee. Vijungu vyake vya mwanzo, vile vinavyotosha ngumi, havitiwi bei. Vinatoka kama nyongeza: anayenunua chungu cha mama anaongezewa kijungu cha binti. Ndivyo Mama alivyotoa vya kwake, ndivyo nilivyotoa vya kwangu, na chini ya kila kijungu binti anaweka alama ya kucha ya nyumba yao. Kwa hiyo kila boksi nililotuma nilitia kijungu kimoja ndani ya chungu, kwenye majani. Miaka mitatu. Hakuna mteja aliyelalamika.

Mwezi wa nane ghala lenu likaweka mizani mpya. Mimi nimeandika chungu kilo tatu, mizani inasema kilo tatu na robo. Adhabu ya uzito, elfu tano kila boksi. Siku chache baadaye wakafungua boksi moja, wakaandika nimetuma bidhaa isiyoorodheshwa. Agosti peke yake maboksi kumi na sita, elfu themanini, kwa kosa la kumwongezea mteja. Nikaenda kwa Bi Saumu kumwomba kwa muda tuache nyongeza. Akaendelea kulainisha mdomo wa chungu chake kwa kipande cha ngozi, hakuniangalia, akasema chungu chake hakijawahi kutoka peke yake na hakitaanza leo kwa sababu ya mizani ya mtu asiyemjua. Akaniuliza kama nataka wajukuu zake wakae na mikono yao nyumbani mpaka wazeeke. Nikarudi na vyungu vyake, na vijungu vyake.

Duka lilipofungwa kwa makosa hayo nilipiga simu huduma kwa wateja, kesho yake, Jumatano. Akapokea kijana anaitwa Edgar, mpole sana, sauti kama ya mtu anayekuuzia bima. Nikamweleza nyongeza. Akasema ameelewa, suluhisho ni kukiorodhesha kijungu kwa bei ya sifuri. Tukajaribu pamoja, yeye huko, mimi huku. Mfumo ukakataa sifuri. Akasema basi niweke shilingi moja. Mfumo ukakubali, halafu ukaniambia ada ya chini kwa kila bidhaa ni shilingi mia tano. Nikamwuliza Edgar kama ameiona hesabu hiyo: nikitoa zawadi nadaiwa mia nne tisini na tisa. Akacheka kidogo, akaomba radhi kwa kucheka. Sikumchukia. Nikamwuliza duka linafunguliwaje, na zile laki tatu na elfu kumi na sita zangu walizozuia kwa siku tisini zinatoka vipi. Akasema nisubiri amuulize msimamizi. Nikasubiri. Akarudi, akasema mfumo umeshaamua, nikate rufaa. Nimekata. Rufaa yangu imejibiwa kwamba maoni yangu ni ya thamani kwao.

Nililala na hasira mchana, jambo ambalo Mama hajawahi kuliona, akafikiri nina malaria. Alhamisi nikafunga vyungu kumi na viwili, nikateremka Lushoto gulioni kama zamani, nikatandika jamvi la kweli. Wauza karoti walinikaribisha kwa kejeli. Mmoja akaniuliza kama mtandao umekatika mpaka huku chini. Mwingine akasema karibu tena duniani, Mama Mitandao. Niliuza vyungu vitatu. Wiki iliyofuata vinne. Kina mama walikuwa na vyungu mia moja na sitini vilivyochomwa, vimejaa ukumbini kwangu mpaka Mama anapita kwa ubavu, na kila aliyekuja aliniuliza kwa upole, upole ule mbaya, kama kuna habari.

Alhamisi ya tarehe 25, kama saa tano, naona mwanamke mnene mwenye koti la mvua na viatu vya mjini anapita kila jamvi la vyungu, anainua kimoja kimoja na kukichungulia makalio. Watu walishaanza kumcheka. Alipofika kwangu akajaribu kunisalimu kwa Kishambaa, onga mshi, akaivuta mpaka nikadhani jioni itatukuta hapo. Kisha akatoa kijungu kwenye mkoba wake, akakigeuza, akaniwekea mkononi. Alama tatu za kucha na mstari mmoja chini yake. Nyumba ya Bi Saumu. Kazi ya mjukuu wake wa kwanza, yule mwenye papara, mdomo umekwenda upande.

Anaitwa Sesilia, ana mgahawa Tabata. Alikuwa amenunua vyungu kumi na kimoja kwangu kupitia Jamvini, na vile vijungu kumi na kimoja alivipanga mezani, ndani chumvi na pilipili. Akaniambia wateja wake wanaviiba. Akasema amewahi kuibiwa sahani, vijiko, hata pazia la choo, lakini hajawahi kuona mtu mzima wa tai anatia kijungu cha pilipili mfukoni na pilipili yake. Alipotaka kuongeza oda akakuta duka halipo. Akauliza Jamvini wampe namba ya muuzaji, wakasema haiwezekani. Kwenye maelezo yangu alikumbuka neno Lushoto, akapanda basi na kijungu chake, akisema mlima una mwisho.

Nilimpandisha mpaka kwa Bi Saumu. Alikuwa na maneno mengi njiani, lakini alipoona jinsi udongo unavyopandishwa kwa mikono mitupu akachuchumaa kutazama kwa karibu. Kisha biashara. Akataka vyungu arobaini kila mwezi, yeye na wenzake watano wenye migahawa ambao wanacheza mchezo wa kupokezana hela pamoja, na vijungu sitini. Bi Saumu akasema vyungu arobaini vipo, vijungu haviuzwi. Sesilia akafikiri ni ujanja wa bei, akapandisha. Bi Saumu akasema haviuzwi. Akapandisha tena, chai ikapoa. Bi Saumu akamwambia, mama, anayetaka vijungu sitini anunue vyungu sitini, vijungu vitakuja vyenyewe. Sesilia alitukana kidogo, tusi la kirafiki, akakubali sitini. Bei elfu kumi na tano, nusu anatanguliza. Hakuna kuonekana, hakuna ghala. Hesabu tena: mfinyanzi nimempandishia elfu nane, mzigo wa jumla ndani ya basi unatoka elfu mbili kwa chungu, boksi tumeacha, tunafunga kwenye vikapu vinavyorudi. Nabaki na elfu tano, na hapo sijamlipa mtu wa Dar.

Mtu wa Dar ndiye sababu ya barua hii.

Ijumaa, juzi, tulikaa uani kwa Bi Saumu, mimi na wale wanawake ishirini na watatu, kutafuta nani atapokea mzigo stendi ya Mbezi, avigonge vyungu, avipeleke migahawa sita, na chenye ufa akirudishe kabla mteja hajalipa. Kule ghala lenu hawakuwahi kugonga hata kimoja. Vyungu vinavunjika mikononi mwao, mteja anarudishiwa hela kutoka kwangu. Tukataja majina. Shemeji yake Hidaya mwenye bodaboda, wakasema huyo atagonga watu kabla ya vyungu. Mtu mmoja wa Bumbuli, wakasema mdomo mrefu. Ndipo Hidaya mwenyewe akasema, jamani, si yupo Kibwana? Akawakumbusha wewe una miaka tisa, umekaa kwenye jiwe la pale chini, kila chungu kinachoteremka gulioni unakigonga kwa kifundo cha kidole na kuweka sikio. Kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa, hata kama jicho halioni kitu. Ulikataa chungu cha mama yake mbele za watu, akakupiga kibao, jioni kikapasuka motoni, akakuletea ndizi. Wengine wakasema huyo ameshakaa kwenye kiyoyozi miaka mingi, leo hawezi kutofautisha chungu na sufuria. Tukacheka. Lakini Bi Saumu akasema sikio halizeeki upesi hivyo, akataka wanaokubali wanyooshe mikono.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia Mama, wala Bi Saumu, wala mtu yeyote uani pale.

Siku ile Edgar alipokwenda kumuuliza msimamizi hakuizima simu. Aliiweka mezani. Nilimsikia akilisoma jina la duka, halafu akasoma na jina langu kamili, Faudhia binti Hassani, Mlola. Nilisikia feni. Halafu nikasikia sauti ikisema mwambie mfumo umeshaamua, akate rufaa. Ni sauti niliyoibeba mgongoni, Kibwana. Hata ujifunge Kiswahili cha ofisini namna gani, maneno yako bado yanapanda mwishoni kama ya huku.

Edgar alipomaliza kunirudishia maneno hayo, nilikata simu kabla sijasema kitu. Mwezi mzima nimekaa na jambo hilo, na nimelifanyia hesabu kwa kila njia. Nikasema ametaka kulinda kazi yake. Nikasema ameona haya kuonekana anampendelea dada. Nikasema ametusahau. Hesabu zote hazikukaa, kwa sababu kuna kitu kimoja nilikuwa nakiacha nje: namna ulivyosema. Nami nimezaliwa nyumba hiyo hiyo, nami nina sikio. Hukulia, mdogo wangu. Ulikohoa. Mtu anayesema jambo analoliamini hasikiki vile.

Basi Bi Saumu alipotaka mikono, nilikuwa nayo yangu mapajani na neno hilo mdomoni. Ningeweza kulisema, na wasingekutaja tena uani pale. Niliwaangalia wale wanawake wakikucheka na kukusifu kwa pamoja, nikanyoosha mkono. Ishirini na wanne, wote. Mimi nilikuwa wa mwisho lakini niliunyoosha mpaka juu.

Sijakwambia uache kazi. Basi linafika Jumamosi alasiri, na Jumamosi hufanyi kazi. Tunakulipa elfu moja kwa kila chungu kilichofika kizima, na kwa chenye ufa hatukukati kitu, ilimradi umekisikia. Kama kampuni yenu inakataza, niambie wazi kwamba inakataza, usiniambie mfumo. Na kama ni aibu inayokuzuia, iache hapo hapo ulipo. Huku nimeshaimaliza. Ukisema hapana, vyungu vitaondoka vivyo hivyo, tutatafuta mwingine na kumfundisha kugonga, itatuchukua miezi na hasara yake nimeshaihesabu, tunaimudu. Lakini ningependa isiwe hivyo.

Mama anakusalimu sana, anasema ule mplamu usikatwe. Bi Saumu anakusalimu, anauliza kifundo cha kidole kinaendeleaje. Hidaya anasema ukija ulete kiyoyozi. Msalimie Tatu, umbusu mtoto, na ndani ya kifurushi alichobeba Dula kuna kijungu chake. Ni cha binti yangu, cha kwanza, kwa hiyo hakina bei.

Nakuuliza moja, wala halihitaji kikao. Utaupokea mzigo wetu Mbezi Jumamosi tarehe 18 na kuvigonga vyungu sitini, ndiyo au hapana? Nipigie, uniambie kwa mdomo wako, si kwa kidole, kabla ya saa sita mchana Alhamisi tarehe 16. Nitakuwa gulioni, simu nimeifungua sauti yote, na Bi Saumu amekaa pembeni yangu anasikiliza.

Dada yako,
Faudhia